Pilipili Manga ya Uji wa Neema

Ngarenaro, Arusha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu miguu yako iwe imepungua kuvimba, na mvua isiwe imewapita huko Iramba. Mimi nipo. Nimechoka tu, na kifua kinawasha kwa vumbi la mashine.

Najua mke wangu Neema ameingia mwezi wake. Ndiyo maana naandika sasa, kabla hujamkorogea uji wa uzazi. Mama, ule mkebe wa pilipili manga niliompa dereva wa lori akuletee, usiutumie kwanza.

Nilikueleza kwamba tajiri wangu anasaga viungo. Siku hizi biashara ni huru, kila mtu ana pakiti zake dukani. Tangu nianze kazi hunituma sokoni kwa wauza mapapai nikachukue mbegu. Naziosha, naanika juu ya bati. Nilidhani ni za kupanda, maana ana shamba Nkoaranga. Juzi Mlima Meru ulijifunika mawingu wiki nzima, mbegu hazikukauka, akanifokea kwamba wateja wanangoja. Nikajiuliza, wateja gani wa mbegu? Jumatatu nikamkuta anazimwaga ndani ya gunia la pilipili manga na kuchanganya kwa koleo. Ni gunia lile lile nililokuwa nimekuchotea wewe, tena nikajisifu.

Nikamuuliza kama kwake wanakula hii. Hakukasirika hata. Akasema, "Elia, mke wangu hununua kwingine. Wewe saga."

Nikasaga, mama. Siwezi kuacha kazi mtoto akiwa njiani.

Sasa fanya hivi. Tia maji kwenye kikombe, mwaga pilipili kiganja kimoja, ngoja kidogo. Pilipili ya kweli inazama, mbegu ya papai inaelea. Niliijaribu ya hapa kazini, karibu nusu ikabaki juu. Zinazoelea tupa shimoni. Na pilipili nyekundu ya unga mkinunua mnadani, itie majini vilevile: unga wa tofali hutua chini upesi, na ukiusugua kwa kidole unakwaruza.

Neema anatakiwa apate uji wenye moto wa kweli, tumbo lisafike na maziwa yashuke. Kwa hiyo nimenunua nyingine sokoni kwa mama mmoja wa Kichaga. Nilipoomba kikombe cha maji nizijaribu, akacheka, "Kaka, unanunua pilipili au unaibatiza?" Zilizama zote. Nimezifunga kwenye kitambaa, dereva yule yule atakupa pamoja na barua hii.

Nisalimie shangazi atakayemzalisha, na mdogo wangu anayemwangalia Neema usiku, na mzee wa kanisa aliyenifundisha kuandika nilipoachia shule darasa la nne. Neema mwambie asinichukie.

Na hizi za kwenye kitambaa, mama, nazo zitie majini kwanza. Usiziamini kwa kuwa zimetoka kwa mwanao. Ule mkebe nao ulitoka kwa mwanao.

Ni mimi,
Elia