Lenzi za Siku Tano

Baba watoto,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji kabla hayajaungua. Mwenye koti akija, mwombe asubiri hadi Jumatatu. Asubuhi hii nimeshona mkono wa kulia upande wa kushoto, maana jicho limevimba, jekundu kama pilipili, na mwanga unalichoma.

Nimekwenda kliniki ya macho, dada yako ananisindikiza. ~~Usiwe na wasiwasi, ni vumbi tu.~~ Si vumbi. Tangu urudi safari Jumapili sikuvua lenzi hizi za kubandika machoni hadi asubuhi hii, hata kulala nimelala nazo. Daktari alinionya siku ile ile aliponipa lenzi hizo: ukilala nazo jicho hupata kidonda, na kidonda kikipona huacha kovu. Sasa fundi cherehani asiyeona tundu la sindano ni fundi gani?

Nilijua yote hayo. Ila ulicheka miwani yangu, ukasema nimefanana na bibi yako, nami nikataka kila ukiamka unikute sina miwani.

Leo nimeivaa. Kabla sijatoka nimesimama nikakutazama ulivyolala. Kidevu chote mvi, mume wangu.

Sikucheka.

Mama watoto