Ukuta wa Mkono wa Kushoto

Mama, salamu huko Nairobi kwenye ghorofa lako.

Nimefika kijijini kwetu Pap Onditi na nyumba yako ya udongo bado imesimama. Mdogo wangu Ouma anataka kuibomoa ajenge ya saruji. Nikamwambia, kama ninavyoandika kwenye makala zangu za ujenzi, kuwa saruji na mabati vitamwoka adhuhuri kama mkate, na humu ndani mna ubaridi wa mtungi. Akacheka, "Bwana, mchwa wanaokula nguzo hawasomi makala zako."

Nikaweka kiganja ukutani, kwenye alama za vidole vyako, zilizopinda kinyume na za majirani kwa sababu wewe hupaka udongo kwa mkono wa kushoto. Ouma naye akaweka chake kando ya changu. Amekubali kukusubiri.

Njoo upake tena, Mama. Udongo nitaukanyaga mimi.

Mwanao, mlangoni pako.