Matambara kwenye njia ya farasi

Mdogo wangu Zawadi,

Baridi ya huku Johannesburg inang'ata masikio, na mwanetu Neema amenichosha kabisa. Si nilikwambia ndiye anayeamua farasi wakimbie au wasikimbie? Ni kweli, matajiri wenye farasi wanamsubiri yeye. Lakini jana kanipeleka kwenye hiyo njia ya mbio za farasi anayoitunza, nikakuta mchanga umejaa vipande vya matambara na mpira. Nikaona aibu, mtoto niliyemfundisha kufagia uwanja kabla ya kupiga mswaki. Alipokwenda kupokea simu, nikaokota hadi kitenge kikajaa.

Aliporudi akashika kichwa. "Eish, mama. Hayo tumeyachanganya na mchanga na nta makusudi, farasi akanyage pasipomuumiza. Pakiwa pagumu anavunja mguu, na akivunjika mguu wanamuua."

Ningejuaje? Nani kwetu hununua matambara akayamwaga uani? Akasimamisha farasi wote, akaniamuru niyarudishe, yeye akipima mchanga kwa kijiti. Tajiri mmoja akanung'unika, "Yote haya kwa sababu ya huyo bibi?"

Neema hata hakuinua kichwa. "Huyo ni mama yangu. Utasubiri."

Farasi wa kwanza alipofika pale nilipookota, nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa mbali, miguu yote minne mizima, na mimi mgongo hoi.

Kuleni dagaa kwa niaba yangu, huku kila siku kuku. Majirani usiwasimulie habari ya matambara. Wasimulie ile ya "utasubiri".

Dada yako,
Mama Neema