Hatua Zangu na Hatua za Brian

Jumatatu, 10 Novemba
Mashimo sita leo. Mimi manne, mdogo wangu Brian mawili, na hayo mawili yake hata kuku hawezi kujificha. Dada yetu Kemunto alibeba fito tu. Nimemwambia kazi ya nguzo ni ya wanaume, akanitazama vile mtu anatazama mbuzi ameingia kanisani.

Mama amekataa kabisa kuita fundi. Amesema Brian anapashwa tohara mwezi ujao, na akitoka kukatwa atakaa ndani ya esaiga, nyumba ya vijana waliotahiriwa, iliyojengwa na ndugu zake, si na mtu wa kulipwa. "Mikono mliyopewa si ya kushika simu pekee." Halafu akachukua kikapu chake, akaenda kuchuma chai. Huyo ndiye mama yangu. Baba yuko Eldoret kwa mashamba ya watu, kwa hivyo mkubwa hapa ni mimi. Miaka kumi na minane. Niliacha shule kidato cha pili na sijawahi kushindwa na kitu chochote isipokuwa hesabu.

Alhamisi, 13 Novemba
Nguzo zote zimesimama. Mkaratusi mtupu, umenyooka kama mimi. Nyumba ni hatua sita mbele, hatua sita nyuma, hatua tano kila upande. Hakuna haja ya futi. Miguu ninayo.

Jumamosi, 15 Novemba
Fito zimezunguka nyumba yote. Vidole vimevimba kwa nyundo. Kemunto anapigilia misumari vizuri kuliko mimi, lakini hiyo sitamwambia. Brian analala akiimba. Miaka kumi na mmoja na anafikiri kisu ni mchezo.

Jumatatu, 17 Novemba
Siku mbaya.

Ba'mdogo Mose alipita akitoka Magwagwa. Yeye ni fundi wa kweli, amejenga nusu ya kijiji. Alisimama, akalaza kichwa upande mmoja, akalaza upande wa pili. Akaanza kucheka mpaka akashika mti.

"Ombati, mwanangu, hii nyumba inakonyeza nani?"

Nikamwambia ni jua linamchanganya. Nikapanda kuweka mbao za paa nimwonyeshe. Ile ya mbele ikatosha. Nikashusha ya kipimo hicho hicho nyuma, ikapita nje karibu urefu wa mkono.

Nikakumbuka. Mbele nilipima mimi. Nyuma nilimwambia Brian apime, kwa sababu nilikuwa nimekaa nakunywa uji. Hatua sita zangu na hatua sita za Brian! Miguu yake ni ya kware.

Ba'mdogo akaacha kucheka. Akamwambia Mama kijana hawezi kuwekwa kwa nyumba ya kuanguka. Isipokuwa sawa kufika Ijumaa ya wiki ijayo, atamchukua Brian akakae kwa esaiga ya watoto wake. Mama hakubisha.

Brian alilia nyuma ya migomba. Anataka kutunzwa nyumbani, na mimi. Nilimsikia. Sijisikii kuandika zaidi.

Jumanne, 18 Novemba
Nilimwomba Mama amwite fundi. Alisema neno moja: "Ng'oeni." Akaenda zake kwa chai.

Tuling'oa upande wa nyuma wote. Nilitukana nguzo moja moja kwa jina.

Jumatano, 19 Novemba
Kemunto ameleta kamba ya katani. Ameipiga mafundo kumi na mawili, nafasi zote sawa, kisha akaunganisha ncha. Brian akashika kona. Mimi nikavuta nafasi tatu upande huu, Kemunto akavuta nne upande ule, tano zikabaki katikati yetu. Kamba ikakaza. Kona ikatoka safi kama ya daftari.

Nilimuuliza uchawi huo ameutoa wapi. Akasema, "Darasani. Wewe siku hiyo ulikuwa mtoni."

Ni kweli. Nilikuwa mtoni. Nilishika samaki mmoja mdogo sana.

Jumamosi, 22 Novemba
Nguzo mpya, mashimo mapya, mambo sawa. Leo udongo. Tumeukanyaga asubuhi yote, Brian akateleza mara tatu, mara ya tatu nilimsaidia kidogo kwa kumsukuma. Saa nane mvua ikaja vile huja hapa, bila hodi. Paa hakuna bado. Tukafunika ukuta na majani ya migomba na nailoni ya Mama ya kuanikia mahindi. Upande mmoja umeshuka. Kesho ibada. Jumatatu tutaukandika tena.

Jumatano, 26 Novemba
Ba'mdogo amekuja na pima maji, mapema kuliko alivyosema. Aliiweka kona ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Akavua koti, akapanda juu, akaitisha mabati.

Akiwa huko juu akauliza nani alipima.

Nilikuwa tayari na uongo mzuri sana. Nikasema, "Kemunto."

Jumanne, 2 Desemba
Brian amekatwa alfajiri. Hakulia. Tumemleta na nyimbo mpaka mlangoni na moto ukawashwa ndani. Ni mimi wa kuulinda usizimike mpaka atoke.

Wanawake hawaingii humu sasa. Mama ameacha uji nje. Kemunto alikuja nyuma yake, akasimama kwa ile kona ya kamba. Nilimwona kwa mwanya wa mlango, ameweka kiganja kwa nguzo.

"Inavuja?"

"Haivuji."

Akaenda. Brian amelala. Mvua imeanza juu ya mabati. Kupitia mwanya ule ule namwona Kemunto kando ya zizi, amevaa gunia kichwani, anatandaza kamba chini. Anataka kumjengea Mama jiko. Amesema mashimo nitachimba mimi, lakini nisipime chochote.

Sawa. Nitachimba.