Mbeta ya Baba

Forest ya Zamani, Mbeya
9 Machi

Kaka yangu Sosthenes,

Kamwene. Na shikamoo juu yake, maana nakufahamu, ukiikosa hiyo barua unaiweka chini. Goti linasemaje na mvua hizi? Wifi Yusta ameacha kukohoa? Mimi ni mzima, ila nimechoka, kaka. Si uchovu wa shamba, huo ukilala unaisha.

Nimestaafu mwezi uliopita. Miaka ishirini na nane nimeinamia vimirija vya maabara vyembamba kuliko kidole cha mtoto, hadi macho yamekataa na mgongo umefuata. Wewe kanisani unawaambia watu natibu mianzi, nami nacheka tu. Leo nikueleze. Ulanzi wa mianzi yetu unachacha kwa sababu ya vijidudu viitwavyo chachu, ndugu zake hamira ya maandazi. Nilisoma vinasaba vya chachu moja, nikakuta inahimili joto na ukali wa pombe unaoziua nyingine. Hiyo moja ndiyo iliyonipa udaktari, uprofesa na safari za ndege. Watafiti wa nchi za mbali ambao hawajaona mwanzi ukigemwa wanainukuu kazi yangu hadi leo, na wanafunzi kumi na mmoja wamepata shahada kwa chachu hiyohiyo.

Sasa chuo kinataka kunipa nishani mwezi wa tano, pamoja na kitabu kidogo cha maisha yangu. Anayekiandika ni Anyelwisye, niliyemfundisha na ambaye sasa ndiye mkuu wa maabara. Swali lake la kwanza tu ndilo lililonifikisha kwenye barua hii. Aliuliza chachu ile niliipata wapi hasa, maana kwenye makala yangu ya kwanza niliandika kwamba ilitoka kwenye mianzi ya porini, naye anataka akalipige picha hilo pori. Nilimwambia nitamjibu.

Unaikumbuka mbeta ya baba? Nauliza kama mjinga, utaisahauje! Ile ya mwanzi mnene, nyeusi, aliyoachiwa na babu ya kukingia ulanzi, isiyoguswa na sabuni wala maji, ikisuuzwa kwa ulanzi tu. Mtogwa uliogemwa jioni ukilala humo, asubuhi ni mkangafu, mkali wa kuangusha mtu, huku wa majirani ukiwa bado mtamu. Watu walisema baba ana dawa. Ilipopotea, mwaka nilioanza shahada ya pili, baba alisema wewe umewauzia wageni wanaonunua vitu vya asili mjini Iringa. Akakunyang'anya mianzi ya bondeni akampa baba mdogo Timotheo, na kanisani wakakuita Muuza Mbeta. Krismasi ile ulikana, ukaapa, ukalia mbele ya mama, mtu mzima mwenye watoto. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nachambua maharage.

Kaka, niliichukua mimi. Niliifunga kwenye khanga nikapanda nayo basi, nikijiambia nitakwangua chachu ya ndani kidogo tu kisha niirudishe. Krismasi ile unalia, mbeta ilikuwa kwenye begi langu, chumba cha pili. Niliogopa. Sina maelezo mengine, niliogopa, nikarudi nayo Mbeya. Baadaye chachu ilipoanza kuniletea sifa, niliandika porini ili mtu asije akauliza nyumbani. Pori hilo halipo. Aliyeitunza chachu ile ni babu, halafu baba.

Lakini hilo si zito kama hili. Baba alipolazwa, wiki yake ya mwisho, aliniita nisogee. Aliniambia nikuambie kwamba amekusamehe, na kama mbeta umeiuza, basi, imekwenda, uje umwone. Niliitikia. Nikatoka nje, nikashindwa. Ningekuleteaje msamaha wa kosa langu? Ulipofika alikuwa ameshafariki. Miaka kumi na tisa umeamini baba alikufa hataki kukuona. Alitaka, kaka. Alikuita.

Juzi nilimwambia Anyelwisye yote. Akasema huenda nishani ikasimamishwa. Isimamishwe. Nimewaandikia wahariri wa jarida lililochapisha makala ile warekebishe, waandike kwamba chachu ilitoka kwenye mbeta ya Sedekia Kalinga, mgema wa Kilolo.

Mbeta yenyewe anakuletea binti yangu Marta pamoja na barua hii. Sijaiosha. Nimeiweka kabatini miaka yote, bado inanukia nyumbani. Najua sasa hivi mianzi inatoa ulanzi, ila sithubutu kukuambia hiyo mbeta uifanyie nini. Wala sikuombi unisamehe upesi. Kasirika kwanza, una haki hiyo.

Nisalimie wifi Yusta na watoto wote. Baba mdogo Timotheo umsomee barua hii mwanzo hadi mwisho, halafu mchungaji akikubali isomwe kanisani, kwenye matangazo, wakiwepo wote waliokuita jina lile. Nami nitakuja nisimame hapo mbele wakati inasomwa, ukiniruhusu kufika.

Ni mimi mdogo wako,
Bertha