Tangu Nipige Kimeru Marufuku

Mpendwa mshauri Bi. Kuruthumu, naomba msaada, lakini kwanza niruhusu nitangaze kwa heshima na taadhima, kwako na kwa wasomaji wote wa gazeti hili, kwamba kikombe changu cha chai, kile cha bati chenye ua jekundu, kimehamishwa rasmi kutoka meza kubwa ya ofisi ya walimu na kuwekwa peke yake dirishani kando ya chaki, na hafla hiyo haikuhudhuriwa na mtu yeyote.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi nje kidogo ya Maua, mwanamume wa makamo, kitambi kiasi, na nilijiona hodari kwa sababu moja tu: Kiingereza kikigoma kuingia vichwani mwa watoto, naweka chaki chini, naingia Kimeru, natoa mfano wa mbuzi wa nyanya yangu, darasa linacheka, tunasonga mbele. Basi muhula uliopita nikamwona Ilwad wa Gredi ya Sita, ambaye babake ni Msomali msafirishaji wa miraa na walihamia hapa mwaka jana, darasa zima linacheka na yeye ameinama anapaka rangi kona ya daftari, nikamwuliza, "Ilwad, umeelewa?" akasema, "Ndiyo, mwalimu," kwa ile sauti ya mtoto anayetaka uondoke, na nilipotazama kazi yake hakuna alichokuwa ameelewa.

Kwenye mkutano wa walimu nikasimama nikasema hii si haki, kila mtoto anastahili kuelewa, Kimeru kisisikike tena darasani, na kwa kuwa nilikuwa nimeshapanda moto nikaongeza kwamba hata ofisini tukiache, na mwalimu mkuu, aliyekuwa na haraka ya kwenda matangani, akasema sawa, imepita.

Bi. Kuruthumu, wenzangu wametii kuliko nilivyotaka. Nikiingia ofisini kicheko kinakatika, halafu Madam Kinya, naibu wa mwalimu mkuu, ambaye tumekula naye githeri tangu akiwa mwalimu wa mazoezi, anasimama wima kama msoma habari: "Mheshimiwa Riungu, je, ungependelea kuongezewa chai?" Nikimwambia, "Kinya, wacha mchezo," anajibu, "Tunazingatia agizo, mheshimiwa," na wote wanakunywa kimya hadi nitoke, na kabla sijafika kwenye mfereji nasikia kicheko kimerudi. Mke wangu Wambeti anafundisha huko Embu, upande wa Karurumo, tunaonana likizo, kwa hivyo siku hizi Kimeru changu nazungumza na ng'ombe, naye si mtu wa maneno mengi.

Hayo ningevumilia, lakini kuna Makandi, anayelelewa na nyanya yake huko juu kwenye mashamba, Kiingereza kwake ni mlima na Kiswahili ni cha kubahatisha, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono nikimtaja mbuzi. Sasa hauinui. Na Ilwad mwenyewe bado anapaka rangi ile kona. Nirudishe Kimeru nimwache Ilwad, au nishikilie agizo nimpoteze Makandi? Na nikikirudisha, nitaingia ofisini na uso gani?

Riungu

*

Mwalimu Riungu, pole, na kikombe chako nacho pole.

Mimi nilizaliwa mjini Meru, baba alikuwa na bucha, na nyumbani kwetu tulisema Kiswahili. Nimekalia dawati kama la Ilwad. Wenzangu wakicheka nilikuwa nafunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka. Kwa hivyo naomba unielewe ninapokugombeza: uliona mtoto mmoja amenyeshewa nje, ukaamua kung'oa mabati ili wote walowe. Huo usawa wako umemsaidia nani?

Na kosa hasa ni kwamba hukumwuliza. "Umeelewa?" kwa mtoto ni salamu tu, atajibu ndiyo. Mwite peke yake, uliza ni wapi anapopotelea, kisha unyamaze. Najua kunyamaza kwa mwalimu ni kazi. Jikaze.

Kesho rudisha mbuzi wako. Aje kwa Kimeru, na mbuzi huyo huyo aje kwa Kiswahili kabla hujaendelea, kila mara, hata ukichoka. Weka Makandi na Ilwad dawati moja, kila mmoja amweleze mwenzake anachokijua.

Agizo la darasani lilitoka kwa huruma. La ofisini lilitoka kwa kujisikia, na unajua. Nenda kwa Kinya, mwombe msamaha kwa Kimeru, ana kwa ana, bila hotuba. Halafu uchukue kikombe mwenyewe ukirudishe mezani. Hakuna atakayekupelekea mwaliko.

*

Bi. Kuruthumu, nilikuwa nimeanza kukuandikia kwamba mambo yote yamenyooka. Nimeyafuta. Yaliyotokea ni haya.

Nilimwita Ilwad, nikauliza, nikanyamaza mpaka masikio yakaniwasha. Akasema, "Kimeru nasikia, mwalimu. Nauza nguo na mama sokoni. Hata ya mbuzi nilisikia."

"Sasa mbona hucheki?"

"Wakicheka wanaangaliana. Mimi hakuna mtu ananiangalia."

"Na hesabu?"

"Hesabu ndiyo sijui. Wakianza kucheka, wewe unafuta ubao."

Ni kweli, nafuta. Nimefanya hivyo miaka yote na sikuwahi kujua. Siku hizi duster inakaa mfukoni, na suruali zote zina vumbi.

Makandi na Ilwad wako dawati moja. Siku ya kwanza Makandi aliinua mkono, nikafurahi, kumbe ni kushtaki kwamba Ilwad amevuka katikati ya dawati. Hesabu zao bado ni mbovu, ila sasa zina makosa ya aina moja.

Kinya nilimwomba msamaha. Akaniangalia, akaniambia kwa Kimeru kwamba chai imepoa, akarudi kwenye vitabu vyake. Mwalimu Kiende bado ananiita mheshimiwa. Nilichukua kikombe nikakiweka mezani, nikaketi, na hakuna aliyesogea kunipisha wala aliyekiondoa. Wakaendelea na kisa kilichoanza kabla sijaingia, kisa nisichojua kilimhusu nani, wakafika mwisho, wote wakaangua kicheko. Nikatazama ndani ya kikombe.

Nilipoinua macho, Kinya alikuwa akicheka huku akiniangalia.