Matairi Uliyonichagulia

Baba, shikamoo. Wasalimie wote hapo Lizaboni.

Huku Oslo theluji imeanza. Yale matairi ya meno makubwa uliyonichagulia kwa simu, ukasema hata tope la Mpitimbi hayaliogopi, yameshindwa. Baridi imeyafanya magumu kama ubao. Jana kigari changu kiliteleza taratibu, nimekanyaga breki, hadi kwenye uzio wa jirani. Sikuumia. Leo nimefunga ya mpira laini, ya theluji.

Nasikitika kukwambia, Baba. Yako siyauzi, nimeyaweka stoo. Siku ile uliponifokea niyasogeze karibu na kamera, mwishowe ulicheka, na hukuwa umecheka tangu tumzike mama.

Jumapili ukitoka misa nitakupigia. Nahitaji koti. Unichagulie wewe.

Mwanao, Editha